Sista Phelesia Nyamoita na Siku ya Kugombezwa

Sista Phelesia Nyamoita amefanya kazi miaka thelathini na nne, na Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1968, anastaafu. Miaka kumi na saba ya mwisho ameifanyia hapa Homa Bay, katika Kituo chetu cha Utafiti wa Chakula na Mwili. Sherehe itaanza saa nane mchana na itakwisha kabla jua halijazama, kwa sababu Sista ni Msabato, na jua la Ijumaa likishagusa ziwa yeye hana habari tena na hotuba ya mtu. Wenye hotuba ndefu wajue hivyo mapema.

Mkubwa wa kituo alitaka karani ndiye aandike wasifu huu. Mimi nilikataa. Niliwaambia wote wawili kwamba hakuna mtu hapa aliyefanya kazi bega kwa bega na Sista kunishinda mimi, Fanuel Omuga wa Karungu, mtunza mizani tangu 1952. Ni kweli nilisoma mpaka darasa la pili nikatoka kwenda kuvua. Lakini tarakimu nazijua kuliko wengi wenye viatu, na kuna jambo moja katika habari hii ambalo karani hawezi kuliandika kwa sababu halijui. Pamela wa ofisini amepiga taipu kama nilivyoandika. Nimemwambia akibadilisha neno hata moja, nitajua.

Kwa wageni ambao hawaielewi kazi yetu, nieleze kidogo. Mtu anakula ugali na omena, dagaa wetu wa ziwa. Mwili unakichoma kile chakula kama jiko linavyochoma kuni, kingine kinakuwa nguvu, kingine nyama ya mwili, kingine joto, na kinachobaki kinatoka. Wenye elimu wanaita metaboli. Sisi tunapima kinachoingia, tunapima kinachotoka, tunapima hata pumzi. Na vijana wanaokuja kwetu kujifunza wanatafuta udaktari, lakini si ule wa sindano. Ni udaktari wa kitabu. Kijana anachukua miaka mitatu au minne kutafuta jambo moja ambalo hakuna mtu duniani amelijua, analiandika, maprofesa wanalichunguza, wakiridhika anaitwa daktari, na toka hapo maisha yake yote ni utafiti. Vijana kumi na mmoja wamepitia hapa. Vyeti vyao vimetiwa sahihi na watu wa mbali sana. Aliyewafundisha kazi yenyewe ni Sista Phelesia, ambaye hana cheti zaidi ya kile cha udresa, yaani cha kufunga vidonda zahanati. Mizani nilishika mimi.

Sista alizaliwa upande wa Isebania, kwa Wakuria, ndiyo maana sisi watu wa ziwa tunamwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria. Mwaka 1934 aliandikwa dresa katika zahanati ndogo ya misheni karibu na Migori. Ile miaka watoto walikuwa wanaletwa miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu kama za mahindi, na mama zao wanasema mtoto anakula. Sista alitaka kujua anakula nini. Mizani ya watoto haikuwepo. Akaenda kwa wanunuzi wa pamba, akaazima mizani yao ya kuning'inia, akashona mfuko wa turubai, na kila Jumanne akawa anawatundika watoto wa watu mmoja mmoja na kuandika ratili zao katika daftari la shule. Alifanya hivyo Jumanne zote kwa miaka kumi na sita. Wanunuzi wa pamba walimcheka, wakamwuliza, "Sista, hii pamba yako inayolia utaiuzia nani?" Aliwajibu kwamba hauzi, anahesabu.

Mwaka 1950 akapita daktari mmoja aliyekuwa anaanzisha kituo hiki. Akafungua daftari la kwanza akiwa amesimama, na la tatu akaketi. Akaomba aende nayo Homa Bay. Sista akamwambia, "Madaftari hayaendi bila mimi." Hivyo ndivyo alivyokuja kwetu mwaka uliofuata, na sanduku la madaftari arobaini na moja, na nguo zake ndani ya kitambaa.

Sasa nieleze namna yake ya kufundisha, maana ni ya kwake peke yake. Kijana akifika hapa, awe ametoka ng'ambo au ametoka Kisii, wiki ya kwanza hapewi kalamu. Anapewa kitanda. Siku saba analala wodini kama mgonjwa, anakula chakula tulichokipima, haongezi wala habakishi. Asubuhi hajainuka, hajanywa hata maji, anafungwa pua na kupumua ndani ya mfuko mkubwa wa mpira ili tujue mwili wake unachoma kiasi gani ukiwa umetulia. Mkojo wake wote wa mchana na usiku unaingia katika chupa kubwa ya kahawia yenye jina lake. Choo kadhalika, na hapo ndipo heshima ya chuo kikuu inapoishia. Sista alikuwa anawaambia, "Kabla hujampima mtu, ujue kupimwa kunauma wapi."

Na usimdanganye. Kulikuwa na mmoja anaitwa Paul, kijana mwenye miwani, aliyeona haya kupita na chupa mbele ya wauguzi wa kike, akamwaga nyuma ya jikoni. Asubuhi Sista akamwita. "Paul, ulimwaga saa ngapi?" Paul akaapa kwamba hakumwaga. Sasa, katika mkojo kuna kitu ambacho kila mtu anakitoa karibu kiasi kile kile kila siku, ale asile, na wenzetu wa maabara wanakipima. Sista akamwonyesha tarakimu. "Jana ulikuwa Paul mzima. Leo ni Paul nusu. Ile nusu nyingine iko wapi?" Kijana akaonyesha mahali, kwa kidole. Akaanza siku saba zake upya. Leo ni mkubwa wa maabara ng'ambo, na ameandika barua kwamba hajawahi kumwamini mtu bila kuangalia ile tarakimu kwanza.

Zingine ni za kuchekesha tu. Siku tuliyokwenda Karungu kupima wavuvi wakivuta nyavu, mfuko wa pumzi ukiwa mgongoni mwa mvuvi umefura vizuri, wanawake wa pale waliangua kicheko, mmoja akapiga kelele, "Huyo mume wangu mmemwekea kiwele! Atakamuliwa lini?" Mvuvi alicheka mpaka akautema mpira wa mdomoni, na pumzi yote ikapotea. Sista akamwambia aanze tena, na akamwambia yule mama amtanie mumewe akishamaliza. Halafu kuna habari ya kamongo. Wasabato hawali kamongo, samaki asiye na magamba ya kuonekana. Sista amepima kamongo wengi kuliko mvuvi yeyote wa Rusinga, wabichi na waliopikwa, na hajaonja hata mchuzi. Niliwahi kumwambia anakosa utamu. Akanijibu kwamba utamu hauna safu katika daftari lake.

Mwaka 1962, ziwa lilipopanda na maji yakaingia stoo yetu ya chini, sisi wanaume tulikimbilia vyombo vya maabara, vile vya vioo, kwa kuwa tulijua vimetoka mbali. Sista alipita katikati yetu, maji yakiwa kiunoni, na madaftari kichwani. Safari saba alienda na kurudi. Mkubwa alimpigia kelele asaidie vyombo. Akamjibu, bila kusimama, "Vyombo vinanunuliwa. Jumanne iliyopita hainunuliwi."

Haya. Sasa nifike kwa James Okemwa, kwa sababu bila habari ya James hamjamjua Sista.

James alifika Januari 1964. Alitoka Kisii, mtoto wa watu wa kulima, na alikuwa wa kwanza kutoka upande wetu huu kuletwa kutafuta udaktari wa kitabu. Wote waliotangulia walikuwa wametoka mbali. Ofisi ya ng'ambo iliyomdhamini iliandika barua, na mkubwa wa kituo akatusomea barazani. Ilisema James amepewa mpaka Juni 1967. Akifaulu, watakuja wengine wa hapa. Asipofaulu, mafunzo yote yatahamishwa ng'ambo, na sisi hapa tutabaki kazi ya kujaza chupa na kuzipakia. Kwa hiyo hakuwa peke yake katika ule mtihani. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya vijana ambao hata hawajazaliwa vizuri.

Kazi yake ilikuwa kujua watu wetu wanakula kiasi gani na wanachoma kiasi gani, wavuvi wa Karungu na wakulima wa kuzunguka Migori. Nyumba ishirini na nne, siku tatu kila nyumba. Kila kinachoingia kwenye sufuria kinapimwa, kila kinachobaki kinapimwa. Mimi na James na Landrova ya kituo tulikwenda huku na huku karibu miaka miwili. Mwisho wa 1965 hesabu ikatoka. Ilionyesha kwamba watu wanakula vizuri kabisa, tena zaidi ya wanachotumia.

Lakini Sista alikuwa na daftari lake. Alikuwa anawapima watu wale wale uzito kila mwezi, na daftari lake lilisema kwamba kuanzia Machi mpaka Juni, kabla ya mavuno, wanakonda. Mkubwa akafurahi mno. Akasema basi hii ni habari mpya, labda miili ya watu wa ziwa inachoma moto wa namna nyingine, tuiandike haraka kabla mwingine hajaiona. James naye macho yalikuwa yanang'aa. Sista peke yake ndiye aliyenuna. Akasema, "Mwili wa mtu wa Karungu ni mwili wa mtu." Akabeba madaftari yote ishirini na nne ya James kwenda nayo nyumbani kwake.

Jumatatu akatuita jikoni, James na mimi. Nakumbuka kila neno.

"James, nimehesabu kuku," akasema. "Katika nyumba ishirini na nne, nyumba ishirini na moja zimechinja kuku ndani ya siku zako tatu. Kwenu Kisii mnakula kuku mara ngapi?"

"Krismasi, Sista," James akasema. "Na mgeni akija."

"Na huku mgeni alikuwa nani?"

James akatafuta pa kukaa. Kulikuwa na ndoo imegeuzwa pale, akaikalia. Sista akafunga daftari la juu. "Umepima adabu ya watu, mwanangu. Chakula chao hujakipima."

"Sista, nimebakiwa na mwaka mmoja na nusu."

"Basi usiukalie juu ya ndoo."

Mkubwa alipoambiwa alikasirika sana. Miaka miwili imepotea! Akasema mtu lazima alikuwa anazitangulizia nyumba habari, haiwezekani zote ziwe na kuku tayari. Akauliza mbele ya wafanyakazi wote ni nani. Sista alinitazama mara moja tu. Halafu akamwambia, "Kosa ni la mafunzo, na mafunzo ni yangu. Niandike mimi." Akaandikwa yeye, na barua ile ya onyo iko katika faili lake mpaka leo, barua mbaya ya pekee katika miaka thelathini na nne.

Ndugu wasomaji, ni mimi. Hili ndilo karani asilolijua. Kila mara, siku moja kabla ya kwenda kwenye nyumba, mimi nilipanda baiskeli nikatangulia, nikasimama katikati ya boma na kutangaza, "Kesho namleta daktari kupima chakula. Msitutie aibu." Nilijisikia mkubwa kusema hivyo. Wakachinja. Tena paja la kuku nilikuwa napewa mimi, na kwa kuwa niliona haya kusema mbele ya wenyeji liandikwe jina langu, liliandikwa limeliwa na mwenye nyumba. Miaka kumi na sita najisifu kwamba mizani yangu haijawahi kudanganya. Ni kweli, mizani haikudanganya. Aliyedanganya ni mtunza mizani. Na bado nasema kumkaribisha mgeni ni vizuri, hapo hamtanibadilisha. Lakini Sista alibeba onyo langu, hajaniambia neno moja kulihusu mpaka leo, na mimi sitaki astaafu nalo. Mkubwa, kama unasoma, uitoe ile barua katika faili la Sista uitie katika langu.

Basi tukaanza upya, Februari 1966. Nyumba kumi na mbili tu, kwa sababu muda haukutosha zaidi. Hakuna Landrova mpaka mlangoni, hakuna Fanuel wa kutangulia. James aende kwa miguu na mkeka wake, alale pale pale, alime nao, avute wavu nao, ateke maji. Mizani itumike tangu siku ya kwanza ili waizoee, ila zile siku za mwanzo zisihesabiwe. James akauliza, siku za mwanzo ni ngapi? Sista akasema, "Sijui. Mpaka wakusahau. Nitakuja kuangalia."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Marcella, hapo Karungu, mke wa mvuvi, mama wa watoto watano. Siku ya kwanza kuku. Siku ya pili samaki, ngege mkubwa, urefu wa nusu ya mkono wangu. Siku ya tatu kuku tena, na huyu aliazimwa kwa shemeji yake. Siku ya tano kuku wakapungua, zikaja omena, lakini bado James anawekewa stuli na kunawishwa mikono wa kwanza, na bado wanamwita japuonj, yaani mwalimu. James alituma habari kwamba anaogopa, siku zinakwisha na bado ni mgeni.

Siku ya nane nilikwenda na Sista kuwapima uzito. Tulikuta Marcella ametoka mtoni, mtungi bado uko kichwani, amesimama uani. James alikuwa ameacha mlango wa kuku wazi, na mtama ulioanikwa kwenye mkeka kuku wameushambulia wote.

"We Okemwa!" Marcella akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Hayo macho ulipewa ya nini, ya kusomea peke yake? Mtama wa watoto wangu umelisha kuku! Leo huonji kitu katika nyumba hii mpaka uokote punje moja moja, na ukimaliza uende ukateke maji, mtungi wangu wa pili ndio ule!"

Marcella ni mtu wa ukoo wangu. Niliona aibu, nikafungua mdomo nimkanye, daktari mzima anaambiwa hivyo! Sista akanivuta mkono wa shati. "Nyamaza, Fanuel. Umesikia? Huyo si mgeni tena." Akamwendea James aliyekuwa amepiga magoti anaokota mtama, akainama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Anza kuhesabu leo."

Chakula cha jioni ile kilikuwa ugali wa mhogo na mtama, kunde, na mchuzi wa omena mwepesi kama maji. James alipewa wa mwisho, pamoja na watoto, akakwangua sufuria nao. Aliandika kila kitu. Ilikuwa kidogo chini ya nusu ya zile tarakimu za siku za kuku.

Tangu hapo ikawa sheria. Katika kila nyumba tulingoja siku ya kugombezwa, na hesabu ikaanzia hapo. Nyingine siku sita, nyingine tisa. Kwa mzee Kerosi, upande wa Migori, tulikaribia kushindwa. Mzee yule ana adabu ya ajabu, siku ya kumi na tano bado anamwamkia James kwa kusimama. James akachoka, akaacha jembe la mzee kwenye mvua kusudi. Kerosi akatabasamu, akaliokota, akalifuta. Sista aliposikia, yeye ndiye aliyemgombeza James. Akamwambia, "Kugombezwa kwa kutafuta hakuhesabiwi. Ngoja." Wakati huo ilikuwa Juni, na mimi nilikuwa nalilia siku kama mtu anayepoteza damu. Nilimshauri Sista tuiruke ile nyumba. Akauliza kama mizani yangu huwa inaruka. Siku ya kumi na tisa asubuhi James akakuta kipande cha ugali wa jana jikoni, akala bila kuuliza, kama anavyofanya kwao. Mzee Kerosi akamfukuza na fimbo mpaka kwenye mihogo, akipiga kelele kwamba kiporo chake hakiguswi na mtu, hata mwanawe wa kumzaa. James alirudi anakimbia, anacheka, anatafuta kalamu.

Mwishoni mwa Septemba nyumba zote kumi na mbili zikawa zimekwisha. Sista, miaka hamsini na mbili wakati huo, alikuwa amekwenda kila wiki kwa kila nyumba tuliyokuwa nayo, mara kwa mashua, mara nyuma ya baiskeli yangu, kupima uzito wa watu. Homa ilimpata Julai. Alipima akiwa na homa.

Mei 1967 profesa alifika kutoka ng'ambo kuchunguza. Mtu mrefu, hasemi sana. Alikaa na James ofisini toka asubuhi, na mimi na Sista tukaketi nje kwenye benchi. Saa tano wakatuita. Profesa alitaka kujua kwa nini mtu atupe nyumba ishirini na nne zenye tarakimu nzuri, abaki na kumi na mbili zenye tarakimu mbaya. Alisema wapo watakaosema kijana amechagua majibu anayoyapenda. Nilimtazama James. Kama angeyumba pale, foleni yote ingekwisha.

Hakuyumba. Alimweleza habari ya kuku, akaeleza habari ya siku ya kugombezwa, na hakumtaja mtu wa baiskeli. Profesa akasema hiyo ni hadithi nzuri, lakini hadithi si ushahidi. Hapo Sista akasimama, akaweka mezani madaftari mawili, la James la chakula na la kwake la uzito, akayafungua mwezi kwa mwezi. Chakula kimeshuka Machi, uzito umeanza kushuka Machi. Chakula kimepanda baada ya mavuno, uzito umefuata. "La kwangu la mwaka ule lilikuwa limefungwa kabatini," akamwambia. "James hakuliona mpaka alipomaliza la kwake. Watu wawili hawajaongea, na wamesema neno moja."

Profesa alisoma mpaka chakula chake cha mchana kikapoa. Halafu akauliza ile siku ya kugombezwa ni nani aliyeibuni. James akasema, Sista. Profesa akamgeukia, akauliza kwa heshima kabisa alisomea wapi.

"Migori," Sista akasema. "Kwenye mizani ya pamba."

Juni barua ikaja. James Okemwa ni daktari. Barua ya pili ilisema mafunzo yanabaki Homa Bay, na kila kijana atakayepima chakula nyumbani kwa watu afuate kanuni ya kituo hiki, wakaiandika kwa maneno marefu ambayo sisi hatuyatumii. Sisi tunasema tu, umeshagombezwa? Leo tunao vijana wanne, watatu wa hapa hapa. Mmoja ni binti wa Kisii anaitwa Kemuma. Hatakuwepo kwenye sherehe. Yuko Rusinga, siku yake ya kumi katika nyumba moja, bado wanampa stuli. Mkubwa alitaka kutuma mashua imlete Ijumaa. Sista amekataza. Amesema hotuba zitasomwa bila Kemuma, lakini akiondoka pale sasa atarudi akiwa mgeni, na ataanza tena kutoka kuku wa kwanza.

Januari Daktari Okemwa anarudi kushika nafasi ya Sista ya kufundisha. Ameniandikia kwamba vijana wake wa kwanza watapewa vitanda, si kalamu. Nimemjibu kwamba mizani iko tayari, na kwamba baiskeli nimeiuza.

Sista Phelesia, kwa niaba ya wauguzi, wapishi, watu wa maabara, dereva, na vijana kumi na mmoja waliotawanyika na kazi yako mikononi mwao, asante. Asante kwa Jumanne zote. Asante kwa ile barua ya onyo.

Ijumaa tunakuchinjia kuku sita, na Marcella anakuja kutoka Karungu na ngege. Utawekewa kiti chenye mto, utanawishwa mikono wa kwanza, na mizani nitaifungia kabatini, nimeapa. Nimeliwaza jambo hili na halinifurahishi, kwa maana ulitufundisha mwenyewe kuku ana maana gani. Ana maana kwamba umeshakuwa mgeni wetu. Uwe mgeni siku hiyo moja tu, basi. Nenda Isebania upumzike, ulime kidogo, ule vizuri, Mungu akupe miaka mingi na miguu ya kuitembea. Halafu siku moja urudi Homa Bay bila barua wala kupiga hodi. Pita moja kwa moja mpaka jikoni. Hutakosa kukuta mlango wa kuku tumeuacha wazi. Tugombeze.